Hesabu ya Kuanua Nguo

Mama alihamia kwangu mtaani Mchafukoge nikiwa nasomea hesabu za ushirikiano: namna ya kukokotoa lini mtu atamsaidia mwenzake na lini atajijali mwenyewe. Juu ya paa la jengo letu kulikuwa na kamba za kuanikia nguo, tukizitumia pamoja na jirani wa mlango wa pili, mama wa Kihindi aliyelingana umri na mama yangu. Mvua ikija, aliyepo nyumbani aliwaanulia wote.

Siku moja mvua ilitukuta Kariakoo. Tuliporudi, sari za jirani hazipo, kanga za mama zinachuruzika maji.

"Hesabu zako zinasemaje hapa?" mama akaniuliza huku akikamua.

Kwa ujuaji wangu, nikamweleza kanuni iliyonipendeza: anza kwa wema, kisha mtendee mwenzako kile alichokutendea mara ya mwisho.

"Hapo sasa!" akasema mama.

Mvua iliyofuata akaanua zake tu. Iliyofuata tena, jirani naye akaanua zake tu. Kanuni ilikuwa inafanya kazi vizuri mno. Kachori za jirani zikakoma kuja kwetu, na wakikutana kwenye ngazi kila mmoja anaangalia ukuta.

Asubuhi moja nikapishana na jirani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu niambie, mama yako nimemkosea nini?"

Kumbe siku ile ya kwanza hakuwepo. Mkwewe aliyekuja kumtembelea ndiye aliyepanda, akachukua sari alizozijua, kanga akadhani za watu wengine.

Nikampelekea mama habari, nikaongeza kwamba hesabu zina dawa yake: mara mojamoja samehe tu, maana bahati mbaya hufanana sana na ubaya.

"Sasa mbona hukuanza na hiyo?"

"Ilikuwa kwenye sura inayofuata ya kitabu."

Akanitazama kama mtu aliyelipia ada bure.

Jumamosi wingu likafunga. Mama akatoka mbio bila viatu, akazikumbatia sari zote. Jirani alipofika juu akakuta zake zimeshachukuliwa, akavamia kanga. Niliwakuta wakishuka, kila mmoja amebeba za mwenzake, wanacheka hadi wanajishikilia ukutani.

"Pole, dada."

"Pole wewe!"

"Na mashati yangu?" nikauliza.

Wakatazamana. Nikapanda mwenyewe, mvua ikinipiga usoni.