Kasiye ya Kaka Yangu

Kwetu Bunia hupewi bia bila kurudisha chupa tupu. Ndiyo maana kila nyumba iliyojiheshimu ilikuwa na kasiye yake, sanduku la chupa tupu lililokaa chini ya kitanda likingoja sherehe. Yetu ilikuwa ya kaka yangu. Alikwenda Bambu kuchimba dhahabu kabla vita havijapamba moto, na mama alisema siku atakayorudi kasiye itajazwa, mtaa wetu wote wa Lumumba unywe.

Baba alikuwa mkata chupa. Alikusanya kwenye mabaa chupa zilizovunjika midomo, akazifanya bilauri. Alizungusha uzi uliolowa petroli chini ya bega la chupa, akauwasha, akaigeuza chupa taratibu mpaka moto ukafa, kisha akaitumbukiza kwenye maji baridi. Tak. Shingo ikadondoka. Maji yakiwa vuguvugu, chupa ilipasuka ovyo, na siku hiyo hukumsemesha. Kusugua ukingo kwa jiwe na mchanga hakumwachia mtu. Kila bilauri aliijaribu kwanza kwenye mdomo wake mwenyewe, na mimi nilimwona mwenye makuu kwa vyombo vya watu maskini.

Vita vilipotufikia, mabaa yalifungwa na malori ya bia kutoka Niania hayakuja tena. Uani kwetu zilijaa familia zilizokimbia Djugu bila hata sufuria. Watoto wao wote walinywea kopo moja, wakaanza kuharisha. Msichana mdogo aliyenifuata kila nilikokwenda, akiniita dada, akafa. Jioni ile baba aliivuta kasiye kutoka chini ya kitanda. Mama akaja akaikalia.

"Hizi hapana," alisema. "Siku mutoto anarudia, tutapeleka chupa ya nani?"

"Batoto bananywea mu kopo moya. Unaona vile banakwisha."

"Weye unamuzika mutoto wangu angali muzima."

Baba akaiachia kasiye. Mimi nilimkasirikia mama mpaka nikashindwa kula. Nilimpenda kaka, lakini uani mtoto wa pili alikuwa ameshalegea, na chupa zimekaa pale zinang'aa, mama anazipangusa kila asubuhi kama anamwogesha mtu.

Siku chache baadaye mama alikwenda bombani kuchota maji akarudi na beseni tupu. Hakumsalimia mtu. Aliingia ndani, akaiburuta kasiye mwenyewe mpaka miguuni pa baba.

"Kata yote."

Baba alimtazama. "Kuko nini?"

"Ku robine nimekuta mama mumoya, ametoka Bambu na miguu. Njo yeye alimufunika mutoto wetu na kitenge."

Hakulia. Baba akachukua uzi. Alikata mpaka jua likatua, chupa moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyopasuka. Akina mama wa Djugu walikuja wakakaa nasi chini. Bia haikuwepo, hata chai haikuwepo, tukawapa bilauri zile zikiwa na maji yaliyochemshwa.

Mama alikunywa wa kwanza. Nikaona damu ikishuka kidevuni. Baba, ambaye hakuwahi kutoa bilauri bila kuijaribu, siku ile hakusugua hata moja. Mama alimaliza maji yake yote, akajifuta kwa kiganja, akamrudishia.

"Sugua," alimwambia. "Batoto batajikata."

Baba akaenda kutafuta jiwe.