Nyumba ya Meli Iliyolala Bila Moto

Watu walicheka sana waliposikia meli inajengewa nyumba. Tulikuwa kwenye foleni ya kupimiwa kahawa tuliyochuma, katika shamba moja upande wa Ruiru, na mimi ndiye niliyeileta habari hiyo kwa sababu mume wangu alikuwa fundi wa vyuma Thika. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Kwani meli si kitu cha majini? Sasa inaogopa mvua ya nini?" Mwingine akasema Wazungu wamekosa kazi. Nikacheka nao, ingawa moyoni nilijivuna, maana nyumba hiyo ilikuwa inapita mikononi mwa mume wangu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jeshi la majini lilitaka banda kubwa Mombasa, la kuundia meli chini ya paa, ili mafundi wasisumbuliwe na mvua wala jua. Vyuma vya banda hilo vilikatwa na kutobolewa Thika, katika karakana ya Kalasinga mmoja karibu na reli. Tulimwita Kalasinga kama alivyoitwa kila mwenye kilemba na ndevu, na mwenyewe aliitika. Alikuwa mtu wa kelele na wa haki. Kabla ya vyuma kupelekwa pwani, alitaka banda zima lisimamishwe kwanza pale pale Thika, lifungwe bolti, likaguliwe, kisha lifunguliwe kipande kwa kipande na kupakiwa kwenye mabehewa.

"Tundu ikikataa hapa, sisi nacheka," alikuwa akiwaambia mafundi. "Tundu ikikataa Mombasa, sisi nalia."

Basi likasimama. Halikuwa na ukuta wala bati, mifupa mitupu, lakini kwa urefu lilishindana na mabomba ya moshi ya viwanda vya Thika. Jumapili watu walitoka kanisani na kupitia huko kuliangalia. Familia za Wahindi zilikuja jioni na watoto waliovalishwa vizuri, zikasimama kando ya reli zikinyoosha vidole. Mume wangu ndiye aliyekuwa akipanda juu kabisa kuunganisha boriti, kwa kuwa hakuwa na kizunguzungu na alikijua kila kiungo. Aliniambia, "Kutoka kule juu nauona mlima wote wa Kilimambogo. Wangeongeza urefu kidogo ningeona bahari."

Alikuwa na hamu ya bahari kama mtoto ana hamu ya sukari. Kalasinga alikuwa amemwombea kibali cha kusafiri na vyuma hadi Mombasa ili akasimamishe banda huko. Leo hilo linasikika jambo dogo. Wakati ule wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikipigana na wapiganaji wa msituni, Mkikuyu kutoka Thika kufika Nairobi tu ilikuwa shughuli, sembuse Mombasa. Sisi tulikuwa tumefungiwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, tukitoka na kuingia kwa saa za homgadi, walinzi wenzetu waliowekwa na serikali. Mume wangu aliruhusiwa kwenda kazini kwa baiskeli kwa sababu ya ufundi wake. Kibali cha Mombasa kilikuwa kimekubaliwa kwa mdomo, kilichobaki ni kutiwa muhuri. Alisema akifika huko ataingia ndani ya hiyo nyumba siku meli ya kwanza inapoanza kuundwa, aiguse, kisha arudi kunisimulia.

Mtu mmoja tu hakulifurahia banda, naye ni mama mkwe wangu.

Sitaki mtu amcheke. Kwetu, nyumba huanza kujengwa asubuhi na humalizika siku hiyo hiyo, majirani wakisaidiana, wanaume miti, wanawake nyasi. Kabla giza halijaingia, moto huletwa kutoka nyumba ya zamani na kuwashwa katika mpya. Nyumba ikilala bila moto, hujui ni nani aliyetangulia kuingia. Waliokufa nao hutafuta mahali. Mama alikuwa amezaliwa katika nyumba iliyowashwa hivyo, akaolewa katika nyumba iliyowashwa hivyo. Kisha ikaja amri ya kuhamia vijijini. Nyumba yake ya kule mgongoni mwa kilima ikabomolewa akiangalia, na huku kijijini tukajenga kwa filimbi na viboko, leo miti, kesho tuitwe kuchimba handaki, keshokutwa udongo. Ile nyumba ililala bila moto na bila paa siku nyingi. Mtoto wetu wa kwanza alifia humo kabla hajaota jino. Daktari wa misheni alisema ni kifua. Mama hakubishana na daktari, ila hakumwamini.

Sasa akasikia mwanawe, yule mmoja aliyebaki, anashinda kila siku ndani ya nyumba nyingine iliyosimamishwa na haijawashwa moto.

"Imesimama tangu lini?" alimuuliza.

"Maitu," akamwita mama yake kwa Kikuyu, "hiyo si nyumba. Ni chuma. Ni ya meli."

"Ina nguzo?"

"Ina nguzo."

"Ina mwamba wa paa?"

"Inao."

"Basi ni nyumba," akasema. "Na kama meli inalala ndani, hata hiyo meli naihurumia."

Mume wangu alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Siku ya soko tulipata ruhusa ya kupeleka mboga Thika, tukapanda lori la kahawa, mama na mimi. Kikapuni, chini ya sukuma wiki, alikuwa na chungu kidogo chenye makaa ya jikoni kwake, ameyafunika kwa mavi makavu ya ng'ombe yasizimike. Nilijua. Nilimwona akiyaweka. Sikumzuia, na hadi leo sioni kwa nini ningemzuia. Chuma hakiungui. Mtoto wa miaka mitatu anajua chuma hakiungui.

Aliingia katikati ya lile banda kama mtu anayeingia kwake. Akapanga mawe matatu, akaweka vijiti, akapiga magoti, akapuliza. Nyundo zikanyamaza. Mafundi waliokuwa watu wa kwetu walivua kofia, wengine wakatabasamu. Kalasinga alikuja mbio, akasimama, akamtazama yule bibi aliyeinama na moshi wake mwembamba.

"Mama mzee," akasema, "iko baridi?"

"Anabariki nyumba, bwana," fundi mmoja wa Kikamba akamwambia. Huyo alikuwa rafiki wa mume wangu, wakipokezana spana.

Kalasinga akafikiri. "Sawa," akasema. "Wacha yeye nabariki." Akarudi zake ofisini.

Ingeishia hapo. Lakini siku hiyo alikuwa amekuja ofisa kijana wa Kizungu na askari wake kuangalia vyuma vya jeshi, na alipozunguka pembe ya karakana kitu cha kwanza alichoona ni moshi. Wakati ule moto ulikuwa na maana moja tu kwao. Mashamba yalikuwa yamechomwa, na maduka, na nyumba za watu. Askari walimnyanyua mama kwa mabega, wakakipiga teke kile chungu.

Mume wangu aliteremka kutoka juu kwa kasi hata nikadhani ameanguka. Akasimama mbele ya ofisa, mikono juu, akasema kwa Kiswahili, "Moto ni wangu. Mimi nilimwagiza."

"Anasema uongo!" mama akapiga kelele kwa Kikuyu. "Ni wangu! Nimeutoa kwangu! Ni wa nyumba!"

Ofisa akamgeukia homgadi aliyekuja naye kumtafsiria, mtu wa kilima chetu, ambaye mama yake na mama mkwe wangu walitahiriwa pamoja. Akamuuliza huyu bibi anasema nini, na huo moto ni wa nini. Yule mtu alijua. Alizaliwa penye moto kama ule. Alitazama viatu vyake, akasema, "Sijui, bwana."

Nimesamehe wengi wa wakati ule. Huyo bado.

Kalasinga alitoka tena, safari hii kwa hasira. "Bwana, chuma hapana waka! Chuma nawaka wapi?" Hakuna aliyemsikiliza. Mama akaachiliwa, mume wangu akatiwa kwenye gari. Alinitazama mara moja, kisha akainua macho kwenye boriti ya juu kabisa, pale alipoacha spana yake imening'inia. Nadhani aliogopa itamwangukia mtu.

Banda lilifunguliwa, vipande vikatiwa alama za rangi, vikapakiwa. Kibali kilipewa yule rafiki yake Mkamba. Na mume wangu pia alisafirishwa kwa reli hiyo hiyo ya Mombasa, ila yeye aliteremshwa njiani, katika kambi ya wafungwa kule nyikani, mbali na bahari aliyoitamani.

Rafiki yake aliporudi alikuja kijijini kutuona, akiwa na pasi yake ya kusafiria na ratili ya sukari. Alitusimulia kwamba treni ilipita karibu na kambi moja, akaona wanaume wengi nyuma ya seng'enge, akapunga kofia bila kujua anampungia nani. Wachache walijibu. Alitueleza jinsi banda lilivyokubali, kila tundu likapata bolti yake, na jinsi meli ilivyo, mbavu tupu mwanzoni, kama mzoga wa ng'ombe. Nilimsikiliza kwa niaba ya mwingine. Nilijaribu kushika kila neno nimtunzie mume wangu.

Mwishoni mama akauliza, "Na moto? Kuna mtu aliyewasha moto humo ndani?"

"Moto, mama?" Mkamba akacheka kidogo. "Humo moto unawaka kutwa. Wa kuchomelea vyuma, wa kuyeyushia. Ukiingia lazima ufunge macho."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Basi wao wanaruhusiwa," akasema.

Baada ya mvua za masika, chifu aliniita akaniambia mume wangu amekufa kwa homa ya matumbo na amezikwa huko huko. Sikupewa hata shati. Nililia hadi sauti ikakauka. Mama hakulia mbele yangu. Aliendelea kwenda mtoni, kuchuma kahawa, kupika, na aliacha kuongea na mtu yeyote kuhusu nyumba, za watu au za meli.

Handaki lilipofukiwa na watu wakaanza kurudishiwa mashamba, nilipewa kipande changu kwa jina la marehemu. Majirani walikuja wakanijengea nyumba kwa siku moja, kama zamani, miti asubuhi, nyasi mchana. Hata yule Mkamba alitoka Thika akashika paa. Jua lilipoanza kushuka walienda zao, na tukabaki mama na mimi uani. Nilimwambia alete moto kutoka nyumba ya kijijini, kama desturi. Hakusogea. Nikadhani amekumbuka kile chungu kilichopigwa teke, na mkono wake unaogopa.

"Basi nitawasha mimi," nikasema, nikatoa kibiriti.

Akanishika mkono.

"Usiwashe," akasema. "Leo ilale hivyo hivyo. Na mlango usiufunge."

"Maitu, si wewe uliyesema ikilala bila moto waliokufa wataingia?"

"Ndiyo," akasema. "Kule alikozikwa hana nyumba. Iache wazi. Labda ataijua njia."

Nikarudisha kibiriti mfukoni, tukaenda kulala kwa jirani.