Dizeli ya Mwalimu Klachi

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye leseni. Mjini kote mama huyu aliitwa Mwalimu Klachi, kwa sababu alikuwa akifundisha watu udereva na neno hilo lilimtoka mdomoni mara nyingi kuliko hata salamu. "Klachi, mwanangu. Taratibu. Klachi." Alikuwa ameshafundisha wauguzi, wahasibu, mama na bintiye kwa mkupuo mmoja, na mzee mmoja mstaafu aliyevaa suti kila somo, eti usukani ni kitu cha heshima.

Gari lake lilikuwa la dizeli, la milango minne, la rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe kama maziwa. Lilikuwa kubwa kiumri kuliko wengi waliojifunzia humo. Vitambaa vya viti alivishona upya mdogo wake, mshonaji wa sare za shule, kwa kitambaa kigumu cha kijani kilichobaki kwenye oda fulani, kwa hiyo ukikaa ndani ulijihisi kama umevaa kaptula ya mtoto wa darasa la pili. Mwalimu Klachi hakujali. Gari liliwaka, liliingia gia, lilisimama. Kwake hayo ndiyo mambo ya gari.

Mpaka moshi ulipoanza.

Ulianza kidogo kidogo, asubuhi tu, halafu ukawa wa kutwa nzima. Mwanafunzi akiondoa gari pale njia panda, wingu jeusi lilibaki nyuma likielea juu ya meza ya muuza magazeti. Siku moja muuza magazeti alijifunika pua na gazeti, akaja dirishani.

"Mwalimu, samahani, leo unafundisha gari au unafukuza mbu?"

Mwalimu alicheka naye, lakini moyoni neno lile halikumpendeza. Mtu anayekuja kujifunza kitu anachokiogopa hataki kuanza kwa kuchekwa na barabara nzima. Tena mwanafunzi aliyekuwa naye siku hizo hakuwa mtu baki. Alikuwa ni yule yule mdogo wake, mshonaji.

Mdogo mtu alifiwa na mumewe mwaka uliotangulia. Mume ndiye aliyekuwa akimpeleka mashuleni na mabunda ya sare, na katika maisha yao yote ya ndoa alimwambia, bila ubaya, kwamba hana moyo wa barabara. Aliyasema mara nyingi kiasi kwamba mke aliyaamini, kama mtu anavyoamini urefu wake. Baada ya msiba alianza kusubiri watu: leo mpwa, kesho jirani mwenye gari, keshokutwa hakuna. Asubuhi moja alifika kwa dada yake na kusema, "Dada, nifundishe. Lakini usinionee huruma, maana ukinionea nitaacha." Basi hakumwonea. Sasa siku ya mtihani ilikuwa imekaribia, na gari linafuka kama tanuri la matofali.

Jumapili mkwe wa Mwalimu Klachi alikuja kusalimia. Huyu ni mume wa binti yake, kijana mpole, msimamizi wa kituo cha mafuta, ambaye shati lake halikujua kukunjamana. Alilisikia gari likiwashwa uani, likakohoa, likatoa wingu.

"Mama," alisema kwa adabu, "unaweka dizeli gani?"

"Dizeli ni dizeli, baba."

"Si zote, Mama. Sisi tuna ya premiamu. Ina dawa ndani yake ya kusafisha nozeli, zile zinazopuliza mafuta kwenye injini. Nozeli ikiwa safi inatoa mafuta kama ukungu, yanaungua yote. Ikichafuka inadondosha matone, nayo hayaungui vizuri. Ndiyo huo moshi. Na tuna kichupa cha dawa kali zaidi, unamimina kwenye tangi kabla ya kujaza."

Mwalimu Klachi aliyasikia, akayapeleka gereji. Fundi wake alikuwa mtu wa makamo, kifua kipana, mwenye mazoea ya kuongea na injini huku amempa mwenye gari mgongo.

"Dawa ya chupa wape wenye kikohozi," alisema. "Hili niachie nilifungue."

"Litakaa siku ngapi?"

"Nikishalifungua litasema lenyewe."

"Mimi nina wanafunzi, fundi. Gari likianza kusema nitakuwa nimeshafunga kazi."

Fundi akacheka kwa pua, akarudi kwenye injini nyingine. Mwalimu Klachi akaondoka moja kwa moja hadi kituoni kwa mkwe wake, akamimina kichupa na kujaza tangi ile dizeli ya bei kubwa. Alikuwa mtu wa kuamua na kwenda mbele. Kazi yake ilimfundisha kwamba anayesitasita katikati ya makutano ndiye anayegongwa.

Na kweli, gari lilibadilika. Tangi la kwanza halijaisha, mngurumo wa asubuhi ulipungua ukali, likaanza kuwaka bila kubembelezwa. Tangi la pili moshi ukawa mwepesi, wa kijivu. Muuza magazeti alimpungia mkono kwa gazeti lililokunjuliwa. Mwalimu Klachi alipita gereji makusudi, akashusha kioo.

"Fundi, kikohozi kimepona."

Fundi hakuinua kichwa. "Hongera," alisema, na kwa namna alivyolitamka neno lile ungedhani ni pole.

Siku ya mtihani ilikuwa na jua zuri. Mdogo mtu alivaa viatu vya chini na blauzi aliyojishonea mwenyewe. Mtahini alikuwa mwanamume mkavu, mgeni kwao, aliyeingia garini bila neno zaidi ya "Tuondoke." Mwalimu Klachi alibaki kwenye benchi la ofisi ya mtihani pamoja na walimu wengine, wote wakijifanya wanaongea juu ya mambo mengine.

Gari lilitoka geti vizuri. Lilikunja kulia vizuri. Likapotea kuelekea kilimani.

Waliotangulia walikuwa wamerudi baada ya muda mfupi tu. Huyu hakurudi. Mazungumzo ya benchini yakakatika. Mwalimu mmoja akasema, "Labda foleni." Mwishowe Mwalimu Klachi alisimama, akajifunga mtandio kiunoni na kukipanda kile kilima kwa miguu.

Aliliona gari karibu na kilele, limebana kabisa pembeni, magurudumu ya mbele yamegeuzwa kuelekea ukingo wa barabara ili likiteleza likwame hapo. Taa za hatari zinawaka. Pembetatu nyekundu imewekwa mbali nyuma, pale hasa Mwalimu anapotaka iwekwe. Mtahini amesimama kwenye nyasi, faili kwapani, kama mtu aliyeambiwa akae hapo. Na kweli ndivyo alivyoambiwa.

Mdogo wake alikuwa anaongoza magari yanayopanda yapite kwa nafasi. Alipomwona dada yake hakukimbia wala kulia.

"Dada, limeishiwa nguvu polepole. Nikakanyaga mafuta, hakuna kitu. Nikarudi gia ya chini, likavuta kidogo, likazima. Nimejaribu kuwasha mara mbili nikaacha, nisije nikaua betri. Moshi haukutoka hata kidogo."

"Haukutoka hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni kama halipati kinywaji."

Mwalimu Klachi alifungua boneti. Juu ya chujio la dizeli kulikuwa na kitufe cha pampu ya mkono, akakibonyeza na kubonyeza mpaka kidole gumba kikamuuma, na kwa shida sana mafuta yakaanza kusogea. "Washa," alisema. Gari likaamka, kwa unyonge, likasimama likitetemeka. Mtahini alirudi kwenye kiti chake. Mwalimu akateremka kwa miguu kama alivyopanda, na gari likampita polepole, mdogo wake akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele.

Ofisini mtahini aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Gari linaharibika kwa kila mtu. Wengi likiwazimia mlimani wanapiga stata hadi wanaanza kuniomba msamaha. Huyu alinishusha kwanza, akaniambia nisimame wapi, ndipo akashughulika. Amepita."

Mdogo mtu aliipokea ile karatasi, akaisoma, akaikunja. Alipofika nje, nyuma ya ukuta ambapo hakuna mtu, alimshika dada yake mabega na kumtikisa kama anakung'uta zulia. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Gereji, jioni ile, walikuwepo wote watatu: fundi, mkwe aliyepigiwa simu, na Mwalimu mwenyewe. Fundi alifungua chujio, akalimwaga kwenye kopo. Kilichotoka kilikuwa kizito na cheusi kama mashapo ya kahawa.

"Haya," alisema. "Huu ni uchafu wa miaka uliokuwa umelala kwenye tangi lako. Umeona? Dawa imefanya kazi. Imeuamsha wote kwa pamoja, ukaja kujazana hapa, mafuta yakakosa njia."

"Kwa hiyo dawa ni mbaya," alisema Mwalimu.

"Sijasema hivyo. Ingekuwa haifanyi kitu, kopo hili lingekuwa safi. Gari zee ukiliwekea sabuni, unabadilisha chujio hapo hapo, na baada ya muda mfupi unalibadilisha tena."

Mwalimu alimgeukia. "Na wewe hukuniambia kwa sababu gani?"

Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nilinuna," alisema.

Mkwe naye akakohoa. "Mama, hata kwenye kichupa imeandikwa. Mimi nilisoma mbele tu, nyuma sikugeuza."

Hapo Mwalimu Klachi alicheka kwa sauti. Akasema sasa kila mtu ashike kazi yake: fundi alifungue gari, mkwe alete chujio jipya, yeye atawapigia simu wanafunzi. Fundi alilimwaga tangi na kulisafisha, akazitoa nozeli na kuzipima moja moja. Tatu zilipuliza ukungu safi, na alikiri mbele ya mkwe kwamba hizo zilikuwa zimesafishwa na dawa. Ya nne ilikuwa imelika ncha. Ilidondosha matone hata baada ya kuoshwa. "Hii hakuna chupa ya kuirudishia chuma chake," alisema, akaibadilisha.

Moshi uliisha kabisa, na Mwalimu Klachi akataka kujua aendelee na dizeli ipi. Hakuuliza mtu. Alitumia ya kawaida kwa muda, kisha ya premiamu, njia zile zile, wanafunzi wale wale wa kuzimisha gari kila kona. Kwa ulaji wa mafuta hakuona tofauti. Kwa nguvu kilimani, hakuona. Asubuhi, ya premiamu ilinguruma kwa upole zaidi, basi. Fundi alimwongezea moja: gari linalotambaa kwa gia ya kwanza kutwa nzima halipati joto la kuunguza masizi yake, kwa hiyo alipeleke barabara kuu mara kwa mara, likimbie.

Hivyo akajipangia. Dizeli ya kawaida, kutoka kituo chenye wateja wengi ambako mafuta hayakai. Ya premiamu mara moja moja, kuziweka nozeli safi. Chujio jipya kabla la zamani halijaziba. Kichupa, hapana tena, labda fundi aseme. Mkwe wake alimwona akijaza ya kawaida, akamfutia kioo cha mbele mwenyewe.

Na kila Ijumaa, barabara kuu. Siku hiyo mdogo wake hukaa kwenye usukani, mabunda ya sare yamejaa nyuma hadi dirishani, wakielekea kwenye shule za mbali ambazo zamani alizikataa kwa kukosa usafiri. Ijumaa ya kwanza Mwalimu Klachi alimwelekeza kupita lori moja. La pili hakumwelekeza. Baada ya hapo barabara ilinyooka, injini ikaimba sauti moja, jua likamwangukia Mwalimu mapajani, na akasinzia. Hakuwa amewahi kusinzia kwenye gari linaloendeshwa na mwanafunzi.

Alipozinduka gari lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli mbele ya shule, sawasawa katikati ya mistari, na bunda la kwanza lilikuwa limeshashushwa.