Kitanda cha Mama Mjini

Ninaishi Dagoretti, pembezoni mwa Nairobi, mahali ambapo upepo ukigeuka huleta harufu ya machinjio mpaka mezani. Nimeizoea. Nimeruka mitaro yenye maji mekundu nikiwa nimebeba madaftari ya wanafunzi, na jioni nikala nyama ya kutoka huko huko. Ninafundisha darasa la nne, na watoto wa darasa la nne hutapika, hutokwa damu puani, na mara moja moja huja na chawa. Hayo yote nimeyapangusa kwa mikono hii bila kukunja uso. Nasema haya mapema ili nikianza kusimulia vitanda vya mjini usinidhanie kuwa mwanamke wa maringo.

Nieleze kwanza kwa nini tulitafuta kitanda mjini, ilhali katikati ya jiji si mbali na mlango wetu. Kwetu magharibi mwa Kenya, mama mzazi halali chini ya paa la mume wa binti yake. Hajifuniki blanketi lake, haogi bafuni kwake. Si ugomvi; ni heshima, na anayeivunja huhisi amejipaka kitu kisichooshwa. Ukoo wa mume wangu una mizizi hapa hapa Dagoretti, tangu babu zao walipokuwa wakilima mahali palipo na nyumba za kupanga sasa. Kwao heshima ya mkwe ipo, lakini haifiki bafuni.

Kwa hiyo, tangu niolewe, mama yangu hutembelea kwangu mchana. Huketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, viatu miguuni, kitambaa kichwani, na kunywa chai nusu kikombe. Hanywi kikombe kizima kwa sababu kikombe kizima kingemlazimisha kuomba choo. Saa kumi akiinuka, watoto wangu wawili humning'inia bibi yao.

"Shosho, lala kwetu leo tu."

"Kwenu hakuna kitanda changu," huwajibu, kisha huenda kulala kwa binti wa dada yake ambaye hajaolewa, kwenye chumba chake kimoja mtaani Kawangware.

Mwaka huu alinipigia simu mwezi wa tano. Alisema goti lake limekataa safari. Angekuja Juni, watoto wakiwa kwenye likizo fupi ya katikati ya muhula, na baada ya hapo tusimtarajie tena Nairobi. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayefunga duka. Nikahesabu kichwani nikagundua kwamba binti yangu wa miaka tisa hajawahi kumwona bibi yake akiamka asubuhi. Hajui anavyokaa bila kitambaa kichwani. Yule mtoto ndiye aliyesema, huku akitafuna mkate, "Basi sisi ndio twende tukalale naye mjini. Mjini si kwa baba."

Nilisimama na sufuria mkononi. Mtoto alikuwa ametegua kitendawili kilichonishinda miaka yote.

Tukapanga siku mbili. Tungelala katikati ya jiji, tupande ghorofa refu tuone mji kutoka juu, tutembee bustanini, tule chipsi. Mume wangu alisema yeye atabaki nyumbani ili asiharibu mambo. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kutafuta chumba ambacho mama angekubali kulala.

Jumamosi nikaenda kukagua. Na hapa nikupe mafunzo ambayo mimi mwenyewe sikupewa na mtu. Ukifika kwenye chumba cha kulala wageni, usiangalie kitanda kwanza, kwa sababu kitanda kimetandikwa ili uangalie. Anza bafuni. Piga magoti, tazama tundu la maji machafu. Kisha nusa mto, usiutazame, unuse. Mwisho, inua kona ya godoro na usome mshono wake polepole, kama unavyosoma barua ya mtu unayemshuku. Utaogopa mara ya kwanza. Usiogope. Ukishajua kutazama, hakuna atakayekudanganya tena.

Chumba cha kwanza kilikuwa na kipande cha sabuni kilichotumika, na juu yake unywele mmoja mrefu uliojikunja kama sahihi ya mtu. Tundu la maji lilikuwa limefunikwa na kitu cha kijivu, laini, chenye unene. Nilikigusa kwa ncha ya kiatu kikatikisika. Mate yakanijaa mdomoni, yale mepesi ya kabla ya kutapika.

Chumba cha pili kilinukia dawa ya maua. Nikajiambia, huenda. Nikaunusa mto. Chini ya maua kulikuwa na mafuta ya vichwa, vichwa vingi, miaka mingi, yamechacha kama siagi iliyosahauliwa. Nilipofungua zipu ya foronya, mto wenyewe ulikuwa na rangi ya meno ya mvutaji sigara. Nikashuka ngazi bila kushika ukuta.

Cha tatu kilikuwa sehemu ya chini ya mji, ghorofa ya pili, juu ya duka la ndoo na mabeseni. Mhudumu wake alikuwa kijana mcheshi aliyevaa sweta la kufuma. Bafu lilikuwa baya, lakini si la kutisha. Mto ulinuka mto. Nikafunua shuka.

"Hii ni nini?"

"Ni shuka, madam."

"Naona ni shuka. Nauliza hii rangi ya chai hapa katikati."

Akainama, akakitazama kile kiduara kwa makini, kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. "Hiyo si doa. Hiyo ni dizaini."

"Dizaini iko mahali pamoja tu?"

"Siku hizi wanazitengeneza hivyo." Akaona sicheki. "Lakini imefuliwa, madam. Nakuapia. Nusa."

Nikanusa. Kweli ilikuwa imefuliwa. Ilinukia sabuni ya unga na jua. Hata hivyo nikaiachia kama mtu aliyeshika chura.

"Najua imefuliwa," nikamwambia. "Lakini nikishajua palikuwa na nini, siwezi kulala juu yake."

"Sasa madam, kitu chenyewe kilienda na maji. Unakataa stori yake tu?"

Nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Nilifika nyumbani nikaoga mara mbili, na jioni ile sikula. Mume wangu aliponiuliza, nikamweleza kila kitu, mpaka ule mtikisiko wa kile kitu cha kijivu. Akasukuma sahani yake kando.

"Acha," akasema. "Usirudi huko tena. Mama halali kwenye jaa. Niachie mimi."

Siku mbili baadaye akaniletea picha kwenye simu: kijumba cha wageni huko Karen, mtaa wa matajiri, ndani ya bustani, vyumba viwili, shuka nyeupe. Nikaomba twende tukione. Nikapiga magoti bafuni, tundu liling'aa. Nikanusa mito yote minne. Haikunuka kitu. Nilikaa kwenye ukingo wa kile kitanda machozi yakinilenga, na mume wangu akanicheka, "Ulikuja kununua au kulia?" Akakodi papo hapo. Si katikati ya jiji, lakini nani angejali. Niliwaza, watoto watapanda ghorofa mchana, jioni turudi kwenye usafi. Mimi, ninayewafundisha watoto wa watu kusoma swali mara mbili kabla ya kujibu, sikulisoma swali hili hata mara moja.

Ijumaa alasiri tulifika Karen kwa teksi, mama, watoto na mimi. Kulikuwa na ile baridi ya Juni, mawingu yamekaa chini, miti inadondosha maji. Mama alikuwa na furaha. Alishuka na goti lake, akashika lango kwa mkono mmoja, akawa anasifu nyasi. Mlinzi akatoka na daftari lake.

"Karibuni. Jina gani?"

Nikataja langu. Akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Hilo sina." Kisha uso ukamchangamka, akalisoma jina la mume wangu kwa sauti, majina yote matatu, kama mwalimu anayeita rejista. "Huyu ndiye mwenye nyumba mpaka Jumapili. Nyinyi ni watu wake?"

Mama akaondoa mkono langoni.

"Nyumba ni ya nani?" akaniuliza kwa lugha yetu.

"Mama, ni ya kukodi tu. Yeye hata hatalala hapa. Yuko Dagoretti."

"Nimeuliza ni ya nani."

Nikaanza kumweleza. Mimi ni mtu wa kueleza. Naweza kueleza kugawanya kwa desimali mara sita bila kuchoka. Nikamwambia mwenye nyumba halisi ni mtu mwingine kabisa. Nikamwambia jina kwenye daftari ni wino. Nikampigia mume wangu simu pale pale, naye, maskini, akasema ataomba jina libadilishwe sasa hivi, liwekwe langu.

"Jina litafutwa," mama akasema. "Jasho lake je? Nilale ndani ya jasho la mkwe wangu, nioge humo, nivue nguo?"

Alisema hivyo huku akipangusa ule mkono ulioshika lango. Aliupangusa kwenye leso aliyojifunga kiunoni, kiganja, kisha kati ya vidole, kisha kiganja tena. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona inzi baada ya kumeza maziwa. Mimi nilikasirika. Nitakuwa mkweli, nilimchukia kidogo, yeye na mila yake, na lile goti lake lililofanya hii kuwa nafasi ya mwisho. Nikamwambia kwa ukali, "Mama, ni pasafi! Hujaona usafi kama huu. Ingia unuse tu!"

"Naamini ni pasafi," akanijibu taratibu. "Lakini nimeshajua. Nikishajua, siwezi."

Binti yangu alikuwa akinitazama. Maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema nikiwa nimeshika shuka iliyonukia sabuni na jua, na kijana mwenye sweta alikuwa ameniuliza kama ninachokataa ni stori yake tu. Nikatazama mkono wake. Bado alikuwa anaupangusa. Ilikuwa ama watoto walale naye mahali ninapopachukia mimi, ama aende Kawangware, kisha magharibi, basi.

"Geuza gari," nikamwambia dereva wa teksi.

Kijana mwenye sweta alituona tukipanda ngazi akapiga makofi. "Madam! Umerudia dizaini yako?"

"Andika jina langu, nalipa mimi," nikamwambia. "Na shuka nimeleta zangu." Nilikuwa nimezibeba tangu nyumbani kwa woga tu, zile nilizonunua kwa mshahara wangu kabla ya kuolewa, ambazo hazijawahi kutandikwa nyumbani kwetu. Mama alimsimamia yule kijana mpaka akaona jina langu limeandikwa, kisha akalisoma herufi kwa herufi.

Chumba kilikuwa kama nilivyokiacha. Pengine kibaya zaidi, kwa kuwa sasa nilikuwa nakiingia na watoto wangu. Pale bafuni kulikuwa na plasta ya kidonda imenata ukutani, na kipande cha sabuni kilichotumiwa na mtu mwingine. Mama alitazama kila kitu, tundu, ukuta, kile kiduara cha rangi ya chai. Nikangoja uso ule wa langoni. Haukuja.

"Huu," akasema, "ni uchafu wa kufuliwa."

Akamtuma binti yangu kwenye duka la chini akaleta ndoo, brashi na sabuni ya unga. Akapandisha leso, akapiga goti lile bovu sakafuni, na kwa vidole vyake mwenyewe akavuta kile kilichokuwa ndani ya tundu. Kilikuja kirefu, kikitiririka, watoto wakapiga kelele za raha. Mimi nilikimbilia dirishani nikashika pua. Nilisugua kuta, ndiyo, nikakung'uta godoro na kutandika shuka zangu, lakini sitakudanganya kwamba kinyaa kiliniisha. Hakikuniisha siku zote mbili. Nilikula nikiwa nimesimama. Kila kitu kikinigusa mguu nilidhani ni kunguni.

Lakini jioni ile ile, kabla taa za barabarani hazijawaka, mama aliketi kitandani akavua viatu. Akavipanga chini, kimoja kando ya kingine. Kisha akafungua kitambaa chake. Watoto wakasogea karibu. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa, zimesukwa mistari myembamba kama ya msichana wa shule.

"Shosho, kumbe una nywele!" mdogo akasema.

"Ulidhani nina nini? Nyasi?" Akamaliza kikombe kizima cha chai, akaomba kingine, akaingia bafuni na kufunga mlango. Tukasikia maji yakimwagika, kisha mama akivuta wimbo wa kanisani kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu niondoke nyumbani kwake.

"Mama, mbona umesimama?" binti yangu akaniuliza. "Kaa."

Nikavua koti langu, nikalitandaza juu ya shuka zangu mwenyewe, nikakaa juu yake kwenye ukingo kabisa. Mlango wa bafu ukafunguka kidogo, ukatoka mkono wa mama, umelowa, kiganja juu.

"Niletee sabuni," akasema. "Na usiniletee ile ya humu ndani."