Nilivyokula Sampuli za Utafiti

Kazi ile niliipata kwa sababu ya mwandiko. Nilikuwa nimemaliza shule na kuolewa ndani ya mwaka mmoja. Mume wangu, fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Shinyanga mjini, hakuwa na neno nikitafuta kazi. Siku niliyokwenda kuomba, daktari wa utafiti alinipa kalamu na karatasi, akaniambia niandike chochote kinachonijia. Nikaandika barua ya salamu kwa shangazi yangu, ndefu, hadi habari za mbuzi wake. Daktari akaisoma yote, akacheka, akasema, "Wewe angalau mtu anakusoma. Mwandiko wangu mimi hata mwenyewe unanishinda."

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wengi wakiwa ndiyo kwanza wamehamia vijiji vipya. Utafiti wetu ulihusu malaria kwa wanawake wajawazito: ni wangapi wanayo damuni bila kujua, damu yao imepungua kiasi gani, na vidonge vya kila wiki vinawasaidia vipi wao na watoto wao. Mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali na kuandika majibu. Nilizaliwa mjini, kwa wazee wafanyabiashara waliotoka Tabora na pwani, lakini Kisukuma nilikiokota mtaani nikicheza, kwa hiyo nilikisema kama mtoto wa miaka saba. Wanawake wa vijijini walikuwa wakiniuliza swali la pili kwa sababu tu ya kutaka kunisikia tena.

Tulikuwa wanne kwenye gari. Daktari, kijana mrefu aliyerudi kutoka masomoni mwaka uliotangulia, mwenye haya kuliko mwari. Dereva, mtu mzima wa swala tano asiyependa kuona sindano. Mimi. Na mpima damu, mwanamama mnene kutoka Geita, ambaye baba yake alichimba dhahabu maisha yake yote. Huyu alikuwa anaweka hadubini yake juu ya meza penye jua, anafumba jicho moja, anakaa kimya muda mrefu, na akishakiona kijidudu cha malaria anapiga kelele, "Limetema!" Ndivyo wachimbaji wanavyosema shimo likitoa dhahabu. Mara ya kwanza niliruka kutoka kwenye kiti. Baadaye nikazoea, tukawa tunashangilia naye, ingawa lilikuwa jambo la kusikitisha.

Miongoni mwa maswali yangu lilikuwamo moja lililowafurahisha sana wanawake: "Je, unakula udongo?" Karibu wote walikuwa wanakula. Udongo wa kichuguu, uliochomwa kidogo motoni, unaouzwa magulioni vipande vipande. Daktari alitaka kujua una nini ndani yake, kama unapunguza damu au unaongeza, akaniagiza ninunue kipande kila gulio tunalopita, nikitie kwenye bahasha, niandike jina la kijiji. Bahasha zikajaa kwenye sanduku, na sanduku likawa linakaa miguuni pangu garini.

Sasa, siku zile nilikuwa sijisikii vizuri. Kila tukipanda gari kichefuchefu kinanishika. Dereva akasema ni petroli. Daktari akasema ni jua. Mume wangu akasema ni mlenda wa jirani. Mimi nikagundua kwamba nikivunja kipembe kidogo cha udongo wa Samuye, nikakiweka ulimini, roho inatulia. Ulikuwa unanukia kama ardhi inapopigwa na mvua ya kwanza. Baada ya Samuye nikaonja wa Kishapu, wenye chumvi kidogo. Wa Kishapu nikashindwa kabisa kuuacha. Nilijiambia nitanunua mwingine.

Siku moja daktari alifungua sanduku. Akachungulia bahasha moja, nyingine, ya tatu.

"Hizi sampuli," akasema, "zinaliwa na panya?"

"Inawezekana," nikasema, nikitazama nje.

"Panya gani anayechagua wa Kishapu tu?"

Mpima damu alikohoa sana. Dereva akaongeza mwendo.

Katika hali hiyo ndipo tukafika kile kijiji cha upande wa Kishapu, ambacho sitakisahau. Ni nchi kavu, udongo mweusi uliopasukapasuka, pamba imekwisha kuvunwa, mabua yamesimama tu. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa amewakusanya wajawazito mbele ya ofisi ya kijiji, na walikuwa wengi kweli. Lakini tulipotoa spiriti na visindano, hakuna aliyenyoosha kidole. Wameketi chini, miguu wameinyoosha, wanatutazama.

Mjumbe akatueleza kwa aibu. Kulikuwa na uvumi kwamba damu ile inapelekwa kuuzwa kwa wachimba dhahabu, wanaimwaga mashimoni ili dhahabu itoke. Mpima damu aliposikia hivyo akataka kucheka, akajizuia.

Ndipo akasimama bibi mkunga. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mweusi wa kung'aa, amejifunga kaniki, mikono yake mikubwa kuliko mwili. Wanawake wote wa kijiji kile, na mama zao, walikuwa wamepita katika mikono ile. Akazungumza na mimi kwa sababu niliweza kumjibu.

"Shikamoo, bibi," nilianza.

"Marahaba, mayu, mama yangu. Hebu mwambie huyo daktali wako. Mimi sisemi kwamba ni mwongo. Ila wanawake ninaowazalisha, wapo wanaofika siku ya uchungu wakiwa weupe humu." Akavuta ukope wake wa chini, akatuonyesha. "Mtoto anatoka salama, mama anatoka damu kidogo tu, kikombe, anakufa. Mwingine angetoka kibakuli na asife. Nimekwisha kuwazika. Kama damu ninyi mnaipima ili mjue ni nani atakayenifia mikononi, mimi nitawakamata hawa mmoja mmoja niwalete. Kama mnaiuza, ondokeni. Na nitajuaje? Anzeni ninyi. Wote mlioshuka kwenye gari."

Nilipotafsiri, daktari aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Ana haki. Mwambie asante." Akakunja mkono wa shati kama mtu anayekwenda kupigana.

Bibi mkunga mwenyewe alishika mkono wake. Mpima damu akamchoma kidole. Tone likatoka, jekundu, zuri. Daktari akalitazama. Akasema kwa sauti ndogo, "Naomba kiti." Kiti hakikuwapo karibu, kwa hiyo alikaa chini, polepole, kama ngamia, mpaka mgongo ukagusa ukuta wa ofisi, macho yameelekea mbinguni.

Halafu mwanamke mmoja akaanza, na wengine wakafuata, na kicheko kile sijapata kukisikia tena. Walikuwa wanashika matumbo yao kwa mikono miwili, machozi yanawatoka. Mmoja akawa anasema, "Jamani nitazaa sasa hivi!" Mjumbe aliegemea mti. Daktari akashusha macho, akajitetea: "Damu za watu nimezizoea. Yangu ndiyo sijaizoea." Nilitafsiri kwa Kisukuma changu cha kitoto, na hapo wakaangua upya.

Dereva alisema anakwenda kuangalia matairi. Wanawake wawili wakamrudisha.

Ikafika zamu yangu. Bibi mkunga akanishika mkono, nikachomwa, damu yangu ikapakwa kwenye kioo na tone lingine kwenye karatasi ya kulinganishia rangi. Ilikuwa imepauka kuliko ya dereva. Lakini bibi hakuitazama karatasi. Alikuwa ananitazama shingoni, pale kwenye kishimo, mshipa unapopiga. Akavuta ukope wangu. Akanusa hewa karibu na mdomo wangu, kisha akaokota kitu kwenye upindo wa mtandio wangu: kijichembe cha udongo, si kikubwa kuliko punje ya mtama.

"Huyu naye," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "aandikwe."

"Aandikwe wapi, bibi?" nikauliza.

"Kwenye daftali lake mwenyewe. Ana miezi mitatu huyu, anakwenda wa nne."

Mimi niliyewauliza wanawake wa vijiji kadhaa mara ya mwisho waliona siku zao lini, nilijiuliza swali lile lile. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena. Nilihisi ardhi yote ya Kishapu inanibeba juu kama kapu la pamba. Nikaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na wanawake wale, ambao saa moja iliyopita hawakutaka kunipa hata kidole, wakapiga vigelegele.

Kutoka kwenye hadubini ikaja sauti: "Limetema!"

Kilikuwa kioo changu. Malaria nilikuwa nayo damuni, natembea nayo, naimba nayo garini, nasingizia petroli.

Basi nikaketishwa mkekani kama wengine. Kwa kuwa daktari aliona haya kuniuliza maswali ya kike, mpima damu ndiye aliyeuliza, na yeye daktari akageuka, akawa anaandika amenipa mgongo.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Unalala ndani ya chandarua?"

"Kimetoboka."

"Je, unakula udongo?"

Wanawake wote wakasogea.

"Ndiyo," nikasema.

"Wa wapi?"

"Wa kila mahali," nikasema. "Lakini hasa wa Kishapu."

Mabega ya daktari yalikuwa yanatikisika. Hakugeuka, lakini nilisikia anavyovuta pumzi. Siku ile, baada ya mimi, walichomwa vidole wote, na bibi mkunga alisimama pale hadi wa mwisho, akiangalia kila ukope kabla ya karatasi, akitaja mwenyewe nani amepungukiwa. Mpima damu alipolinganisha, akaniambia pembeni kwamba kizee hajakosea hata mara moja. Daktari alipopata nguvu za kusimama alimwomba awe anakuja kila wiki tukija. Alikubali, ila akataka naye aangalie kwenye hadubini. Alikaa jicho moja amelifumba kwa muda mrefu sana. Akasema, "Ni vidogo hivi? Vinaniulia watu?" Akaondoka kwenda kukaa peke yake kivulini kwa muda.

Nyumbani nilirudi na kadi yangu ya mshiriki, iliyoandikwa "Mjamzito" na daktari kwa mwandiko wake ule. Nilitaka mume wangu aisome mwenyewe. Alikuwa ndiyo ametoka kazini, nyuzi za pamba nywelini na kwenye nyusi, kama babu yake mzaa baba. Nikampa. Akaigeuza juu chini, akaisogeza dirishani.

"Mjumbe," akasoma. Akaniangalia, uso umejaa furaha. "Umechaguliwa ujumbe! Mbona hukuniambia kama unagombea?"

Kicheko kikanishika. Nilikaa sakafuni. Yeye akaendelea kunipongeza, anasema nyumba kumi zetu zilihitaji mtu msomi, na mimi napiga sakafu kwa kiganja nashindwa kupumua. Ilibidi nichukue mkono wake niuweke tumboni. Kisha akatoka mbio na kadi ile ile, bila viatu, kurudi kiwandani, kuwaonyesha wenzake wa zamu ya jioni. Iliporudi ilikuwa na alama za vidole vya grisi kila mahali, na mpima damu alilazimika kuniandikia nyingine.

Kuanzia hapo sikuwa tena mtu wa daftari tu. Kila wiki tulipofika kijijini, wanawake walikataa kumeza vidonge mpaka mimi nimeze kwanza. Klorokwini ni chungu kuliko jambo lolote nililowahi kuweka mdomoni, na baadaye inakuwasha mwili mzima. Bibi mkunga alinifungua mdomo, akanyanyua ulimi wangu kwa kidole kuhakikisha sijaificha, na wote wakapiga makofi. Halafu wakameza wao, wakikunja nyuso, wakicheka nyuso za wenzao. Damu yangu ikapanda. Udongo niliupunguza, sikuuacha. Sampuli za Kishapu tulinunua upya, na daktari akazifungia kwenye kisanduku chenye ufunguo alioutia mfukoni.

Si wote waliotoka salama. Mmoja wa wale tuliocheka nao siku ya kwanza mtoto wake alizaliwa kabla ya wakati, akaishi siku mbili. Niliandika mstari ule polepole, herufi kwa herufi. Lakini mwaka ule, bibi alimwambia daktari, hakuzika mama hata mmoja, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu asiyeamini bado.

Mimi nilijifungulia hospitali ya mjini, mtoto wa kike, mzito, mwenye kelele. Arobaini ilipotimia na ruhusa ikaisha, nilimfunga mgongoni tukaenda naye kazini. Gari lilipoingia kijijini wanawake waliacha foleni. Kanga ikafunguliwa, mtoto akaondoka mgongoni kwangu, akaanza kuzunguka, mkono kwa mkono, wa kaniki, wa kanga, wa mwenye tumbo, wa mwenye wake mchanga titini. Bibi mkunga alimpima kwa viganja vyake, akataja uzito, akamwambia mpima damu alete mizani tuone. Ikaonyesha karibu vilevile. Asubuhi yote sikuweza kuuliza swali hata moja, kwa sababu kila niliyemkaribia alikuwa ama amembeba mwanangu au anamngoja. Daktari aliketi mkekani na kalamu, akawa anaandika majibu mwenyewe, na mpaka leo hakuna anayeweza kuusoma ukurasa ule.