Pampu ya mwanangu ilifungiwa kabatini

Leo mwalimu wa sayansi ameifungia kabatini pampu ya pumu ya mwanangu.

Mwanangu yuko darasa la pili. Asubuhi walifagia uwanja, vumbi likambana kifua. Nilipoitwa nikamkuta amekaa sakafuni ofisini kwa walimu, mabega yanapanda na kushuka, mkononi kikombe cha maji ya tangawizi.

"Shikamoo mwalimu. Pampu yake iko wapi?"

"Marahaba mama. Nimeiweka. Ile dawa ukimzoesha, hataiacha mpaka uzeeni."

"Naomba unifungulie kabati, mwalimu." Sikupaza sauti.

Akafungua. Mtoto akavuta mara mbili, akaanza kupumua vizuri.

Nilijiandaa kugomba. Mwalimu akanisogelea, akaninong'oneza: "Hata wangu ana pumu. Nilimwachisha pampu mwenyewe. Akibanwa namkanda kifua tu, anatulia."

Jamani, ugomvi wote ukanikaukia mdomoni. Nikamwomba amrudishe mtoto wake kliniki. Akacheka. "Nyie wamama wa siku hizi."

Huyu ndiye anayewafundisha wanetu mfumo wa upumuaji.

Wangu nimemwambia: kesho pampu inakaa mfukoni, na ukibanwa usinyooshe mkono kuomba ruhusa.

Wa mwalimu nani atamwambia?