Siku Niliyompinga Mwalimu kwa Habari ya Dagaa

Nyumbani kwetu Pasiansi nasifika kwa mdomo. Lakini mwaka wa pili chuoni, hapa hapa Mwanza, nilikaa kwenye diskasheni nikapiga kimya kama si mimi, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Kozi yenyewe ilikuwa ya fikra tunduizi. Nilishafeli mara moja. Nikifeli tena, narudia mwaka mzima.

Kundi letu tulikuwa wanne: vijana wawili wa rika langu, mimi, na baba mmoja wa makamo aliyefundisha shule ya msingi huko Magu miaka mingi kabla ya kuja kujiendeleza. Tulimwita Mwalimu. Kila kikao tulianza kwa kumwamkia shikamoo, mmoja mmoja, ndipo madaftari yafunguliwe. Sasa mtu umeshampa shikamoo yake, akaipokea vizuri, utaanzia wapi kumwambia amekosea?

Tulipewa swali hili: kwa nini wanawake wa mwaloni, huko boti za uvuvi zinakoshusha samaki, bado wanaanika dagaa mchangani wakati chanja za wavu za kuanikia zipo? Mwalimu alijibu kabla hatujakaa sawasawa. “Ni elimu tu. Hawajui.” Wenzangu wakaandika. Na mimi nikaandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba wale wanawake hawajui. Mama yangu ni mmoja wao. Kanisomesha kwa dagaa hao hao wa mchangani, na pale chuoni sikuwa nimemwambia mtu. Niliona aibu. Acha niseme ukweli, niliona aibu.

Dakika ishirini tukawa tumemaliza, tunapongezana.

Mhadhiri wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kusikiliza hoja za kundi anauliza: nani alipinga? Tukajibu hakuna. Akaturudishia karatasi bila kuisoma.

“Mmekubaliana, hamjafikiri,” alisema. “Wiki ijayo nitachagua mmoja wenu aeleze, na alama zake ndizo za kundi zima.”

Nilirudi nyumbani damu inanichemka, na niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe. Kikao kilichofuata nikajikaza kisabuni, nikasimama.

“Shikamoo Mwalimu. Ila leo nakupinga.”

Vijana wakainamia madaftari yao. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Marahaba, binti yangu. Nipinge.”

Nikampinga. Nikamwambia mama yangu amehudhuria semina ya uanikaji mara mbili, tena ndiye anayewaelekeza wenzake kufunga wavu wa chanja. Kujua anajua. Lakini eneo la kuanikia anapangishwa kwa siku. Chanja akiiacha jioni, asubuhi anakuta eneo kapewa mwingine na chanja haionekani. Boti zikirudi zimejaa, atawaweka wapi dagaa? Anawamwaga chini, kisha dagaa wenye mchanga anawauzia watu wa chakula cha kuku.

Nilidhani atakasirika. Hakukasirika, na wala hakukubali. “Wewe ni mtoto wake,” alisema, “lazima umtetee. Twende tukaulize.”

Jumamosi tukaenda mwaloni wote wanne. Mama hakuacha kazi kwa ajili ya wasomi. Alimkabidhi Mwalimu reki, akamwambia, “Geuza huku unauliza.” Basi Mwalimu, na suruali yake iliyonyooshwa, akageuza dagaa asubuhi nzima. Baadaye akaenda peke yake kwa wanawake wengine, asije akaambiwa nimewapanga. Wawili walimwambia kweli hawajawahi kufundishwa habari ya chanja. Waliobaki walimjibu kama mama. Yote aliyaandika, hata yale yaliyoniuma.

Siku ya siku, mhadhiri akamnyooshea kidole Mwalimu. Mwaka wangu mzima ulikuwa mdomoni mwa mtu niliyembishia.

“Nani alipinga?”

Mwalimu alisimama mbele ya darasa la watu wa umri wa wanafunzi wake wa zamani. “Mimi ndiye niliyepingwa,” alisema. “Nilisema hawajui kabla sijamuuliza hata mmoja. Nimefundisha miaka yote hiyo na hakuna mtoto aliyewahi kunibishia. Nilidhani ni kwa sababu nasema kweli.”

Darasa likacheka, na yeye akacheka. Halafu akaeleza kila kitu: mahali alipokuwa sahihi kidogo, mahali alipokosea sana, na nani alimwambia nini, ila hakusema kwamba mama wa kwanza ni wangu. Sijawahi kumwonea mtu fahari namna ile, na wala si ndugu yangu.

Mhadhiri akaandika alama, akatuambia tumefaulu. Nikashusha pumzi. Kisha akauliza, “Na huyo mama mliyeanza naye, mlimpataje?”

Mwalimu akanitazama, akaketi. Aliniachia mwenyewe.

Nikasimama. “Ni mama yangu,” nikasema. “Anaanika dagaa mchangani.”